Mwanamke Aliyenikataza Kurudi Nyuma

Kabla hujaanza kucheka, nisikilize kwanza. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, na hayakunipata usiku wala nikiwa nimelewa. Pombe sinywi, muulize yeyote pale kwetu Kamembe, Rwanda. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, na tumboni nilikuwa na wali na maharage ya sherehe ya kanisa. Kwa hiyo kama unatafuta pa kunishikia, hapo hupati.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Napiga picha: harusi, ubatizo, picha ndogo za vitambulisho. Kazi hiyo naifanya kwa kamera ya kisasa kama wenzangu wote. Lakini ninayo na nyingine, kamera ya zamani ya filamu aliyoniachia baba yangu. Yeye alikuwa mpiga picha kule Uvira, Kongo, nilikozaliwa, na siku familia iliporudi Rwanda aliibeba shingoni, chini ya shati, huku magodoro na masufuria yakibaki nyuma. Mama alimlaumu kwa jambo hilo mpaka yeye mwenyewe alipofariki.

Lazima nikueleze kidogo jinsi kamera hiyo inavyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa kilichonitisha. Ukiishika, hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho pembeni, juu ya lenzi. Katikati ya kidirisha kuna sehemu ndogo yenye mwanga, na ndani yake kila kitu unakiona mara mbili, kama mtu aliyekunywa. Unazungusha lenzi polepole mpaka zile sura mbili zinakuja kukaa moja juu ya nyingine. Zikishafungana zikawa moja, basi kamera imepima umbali na picha itatoka safi. Ni hivyo tu. Jiwe lina umbali wake, mti una umbali wake, mtu ana umbali wake. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kuona kitu ambacho kamera ile imeshindwa kukipima.

Lenzi ya baba ilikuwa nzuri lakini iliona pembamba. Ukitaka kuwapata watu wengi, unarudi nyuma. Baba mwenyewe alitembea kinyumenyume maisha yake yote, mara agonge meza, mara aangukie kwenye maua ya watu. Nami nikarithi tabia hiyo hiyo. Kisha shemeji yangu wa Kigali akanipatia lenzi nyingine, ndogo, inayoona upana.

Ukiiona utaidharau. Ni nyepesi, unaifunga kwenye kiganja na isionekane, na bei yake ilikuwa ya kitu ambacho watu hawakithamini. Mke wangu, Maman Aline, alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama ni kifuniko cha kitu gani. Na kweli ina kasoro zake. Pembe za picha zinatoka na giza kidogo, na kitu kikikaa ukingoni kinavutika kama ubugali, ule ugali wa muhogo. Lakini niamini, niliipenda kuliko vitu vyangu vyote. Unaingia nayo kwenye jiko dogo lililojaa moshi, unapiga, na picha inatoka na bibi, na chungu, na mlango, na kuku aliye mlangoni, na mlima ulio nyuma ya kuku. Haibagui. Na haihitaji kupimapima. Chini yake kuna kijiti kidogo cha kuchagua umbali: karibu, katikati au mbali. Unakiweka katikati, unamkaribia mtu, unabonyeza. Hata kile kidirisha hakiwezi kukuonyesha yote inayoyaona, kwa hiyo unapiga kwa kukisia, na ukisafisha filamu unakuta watu ambao hukujua kama walikuwepo. Nani asingependa kitu kama hicho?

Siku hiyo niliitwa Gikundamvura kwenye sherehe ya shukrani ya mavuno. Nikafanya kazi, nikala, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi. Ile barabara inateremka mpaka kwenye bonde la Bugarama, na unavyozidi kuteremka joto linakupanda miguuni kama umeingia jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu usiku uliopita. Mbingu ilikuwa safi, mpunga umeiva, na maji yamejaa kwenye mifereji mpaka yanataka kumwagika. Mwanga ulikuwa wa dhahabu. Wewe kama si mpiga picha hutaelewa, lakini mwanga wa namna ile ukikukuta barabarani huwezi kuupita. Nikamwambia mwenye moto anishushe, nitapata mwingine.

Nikapita pembezoni mwa mashamba, nikashika njia ya juu ya tuta, lile boma la udongo linalotenganisha mfereji mkubwa na mpunga. Nilikuwa na kamera ya baba shingoni, lenzi yake ikiwa juu yake. Lenzi ndogo ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwenye kitambaa. Liweke hilo akilini: mfuko wa ndani. Nje hapakuonekana kitu.

Mbele kidogo, karibu na lango la zamani la maji, palikuwa na mwanamke anavuna peke yake. Mundu mkononi, kitenge cha buluu kimefungwa kiunoni, kitambaa kichwani. Yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wanatembea kando yake kabisa, wanagusa kitenge chake, hawaruki. Nilipokaribia waliniona mimi wakaruka. Yeye akainua kichwa.

"Papa, unapigaka foto?"

Alisema Kiswahili chetu kile cha Kivu kule Kongo, si cha watoto wa siku hizi, cha kizamani, kama alivyokuwa anasema mama yangu. Nilifurahi. Nikamwambia ndiyo.

"Basi unipige. Lakini unipige na shamba yote. Na ma canal ya maji. Mupaka kule ku milima ya Burundi. Batu banapigaka uso tu. Uso peke yake haionyeshe kazi ya muntu."

Je, umewahi kusikia mtu anajieleza vizuri hivyo? Mimi watu wengi wananiomba niwafanye weupe, niwafanye wembamba. Huyu aliomba apigwe na kazi yake. Nilimpenda palepale, kwa heshima, kama unavyompenda shangazi.

Nikamwambia asimame palepale alipo. Alisimama vizuri, hakujikakamua, mundu umelala kwenye paja. Nilistaajabu kidogo kwamba hakuwa na tone la jasho, wakati shati langu lilikuwa limelowa mgongoni. Nikainua kamera, nikachungulia, nikaanza kuzungusha lenzi.

Sura zake mbili zilikuwa mbali mbali. Nikazungusha. Hazikusogeleana. Nikazungusha mpaka mwisho kabisa, kule ambako unapima milima, nikaona milima ya Burundi imefungana vizuri nyuma yake, kila mti na mti wake. Yeye bado alikuwa wawili. Nikarudisha mpaka mwanzo, umbali wa kumshika mtu mkono. Wawili. Nikapima mpunga ulio miguuni mwake, ukafungana. Nikapima mundu alioushika, haukufungana. Nikashusha kamera nikamtazama kwa macho matupu: mama mmoja, mzima, anayenisubiri. Nikainua tena. Wawili, wamesimama bega kwa bega, wote wananitazama.

Nikajiambia kamera imekufa. Mtu akiogopa anatafuta sababu iliyo karibu, sivyo? Nikasema moyoni, labda vumbi, labda joto. Nikaamua nitapiga tu kwa kukisia, lakini kwa lenzi ile nyembamba shamba halikuenea, ikabidi nirudi nyuma. Nikaanza kurudi kinyumenyume juu ya tuta, jicho likiwa kwenye kidirisha, kama alivyokuwa akifanya baba.

"Usirudie nyuma," alisema.

Hakupaza sauti. Nilidhani anaogopa niangukie mpunga. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, maman, nakuweka na milima yote."

"Nimesema usirudie nyuma, mwana yangu. Kuya karibu. Ile kioo ingine yenye iko ndani ya koti, weka ile."

Nilikuwa sijaitoa lenzi hiyo. Nilikuwa sijaitaja. Hata nilikuwa nimeisahau, na mpaka leo naona aibu kwamba mtu mwingine alipaswa kunikumbusha. Nilitaka kukimbia, nakwambia ukweli, lakini njia ya kukimbilia ilikuwa ile ya nyuma, na yeye alikuwa amenikataza. Na sauti ile haikuwa na ubaya. Ilikuwa sauti ya mzazi anayemwambia mtoto asiguse moto.

Nikatoa kitambaa. Nilishindwa kuipachika mara ya kwanza. Nikaifunga, kijiti nikakiweka katikati kama kawaida, nikaanza kwenda mbele.

"Bado," akasema. "Kuya."

Nikasogea.

"Kuya tena."

Nilisogea mpaka nikasikia harufu ya mpunga uliokatwa na ya udongo mbichi. Hapakuwa na harufu ya mtu. Sikuchungulia tena kwenye kidirisha, sikuthubutu. Niliiweka kamera kifuani, nikaielekeza kwake, nikabonyeza. Nikavuta filamu, nikabonyeza tena. Wakati huo ndipo aliponyoosha mkono wake wa kulia kuelekea kwangu, kama anayetaka kunikamata kwenye koti.

"Utapelekea Furaha," alisema.

"Furaha ni nani, maman?"

"Atakuya yeye mwenyewe."

Nyuma yangu kitu kikaguna. Sina neno jingine. Ardhi iliguna kama ng'ombe anayelala. Kisha mngurumo, na maji baridi yakanirukia mgongoni. Nikageuka. Lile tuta nililokuwa nimesimama juu yake, na kipande kirefu cha nyuma yake, halikuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayozunguka na kumezwa kuelekea langoni, na gogo moja lililokuwa kando ya njia likazama mbele ya macho yangu na halikutokea tena. Mimi kuogelea sijui. Hata ningejua, pale kujua kusingenisaidia.

Nilipogeuka tena kumshukuru yule mama, hakuwepo. Sikiliza sasa, maana hapa ndipo watu wanaponiambia alijificha kwenye mpunga. Mistari aliyokuwa ameikata, mafungu aliyokuwa ameyalaza chini, yote nilikuwa nimeyaona na kuyanusa. Mpunga ule ulikuwa umesimama. Wote. Halikuwa limekatwa hata shina moja, na kila suke lilikuwa na umande, saa zile za alasiri, katika joto lile.

Nilikaa chini kwenye matope nikiwa nimeikumbatia kamera. Walionitoa pale ni wakulima waliosikia mngurumo wakaja mbio na majembe na magunia ya kuzibia maji. Wengi wakaenda kwenye pengo. Mmoja akaja kwangu, Mzee Damasi, ambaye wenzake walimchagua asimamie maji ya upande ule. Ni mrefu, mkimya, suruali imekunjwa magotini.

"Ulikuwa unasimama wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha maji.

Alitazama, akanitazama mimi. "Na nani alikutoa pale?"

Nikamweleza. Kitenge cha buluu, Kiswahili cha Kivu, usirudie nyuma, kuja karibu. Nilitegemea atacheka au atanipeleka kwa muuguzi. Yeye alivua kofia.

"Ule njo Maman Furaha," akasema. "Alikufaka pale pale."

Akanisimulia tukiwa tumeketi, huku wenzake wakitupa magunia majini. Alisema kuna mwaka mvua ilizidi, na usiku mmoja mfereji ulifurika wakati miche ilikuwa ndiyo kwanza imepandwa. Lango lilikuwa limekwama. Wanaume walisimama pembeni wakibishana nani aingie, na yeye Damasi alikuwa mmoja wao, hakuficha hilo. Maman Furaha, mjane aliyekuwa amerudi kutoka Kongo na binti yake mdogo, hakubishana na mtu. Aliingia mpaka shingoni, akalifungua lango kwa mikono yake. Maji yakapata njia yakaenda mtoni, na bonde zima likapona. Tuta alilokuwa amelishika likamporomokea. Walimpata baadaye sana, upande wa mto Ruhwa.

"Ile mwaka tulikula kwa sababu yake," alisema Mzee Damasi. "Bote unaona hapa, na batoto babo. Na kuna batu balishasikia sauti yake wakati wa mvua. Inabaambia: toka pale. Lakini sura, hakuna mwenye alishaona sura. Wewe njo wa kwanza."

Akaniuliza kama kweli nilimpiga picha. Nikasema nimepiga, lakini kilichomo sijui. Akaitazama ile lenzi ndogo kwa muda mrefu, mikono nyuma, hakutaka kuigusa.

Nilifika Kamembe nikiwa na homa. Maman Aline alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akanipikia uji, kisha akasema jambo moja: "Papa Aline, ile filamu usiifungulie ndani ya nyumba hii."

Nilimwelewa. Ana watoto ndani. Lakini wewe fikiria: mtu amekuokoa roho, ameomba kitu kimoja tu, umpelekee mtu picha. Unaitupaje? Tulibishana. Mwisho wake mke wangu mwenyewe ndiye aliyechukua mablanketi akaziba dirisha la chumba cha kuogea, akasimama mlangoni huku akisali, mimi nikiwa ndani na dawa zangu. Alisema kama ni kuogopa, tuogope pamoja.

Picha nilizozipiga kwa lenzi ya baba, zile nilipokuwa nahangaika kumpima, zilitoka safi. Mpunga, milima, yangeyange. Hakuna mtu.

Zile za lenzi ndogo, ya kwanza ilikuwa na ukungu mweupe katikati. Ya pili alikuwemo.

Nikuambie jinsi alivyokuwa? Amesimama katikati ya bonde zima, na bonde lote limo: mifereji inang'aa, mpunga umejaa mpaka pembeni ambako unainama kidogo kama ilivyo kawaida ya lenzi ile, milima ya Burundi nyuma, na giza lake dogo kwenye pembe. Kila alichoomba kimo. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanapita juu ya bega langu, yanatazama tuta. Na mkono wake wa kulia umenyooshwa mbele, na kwa kuwa nilikuwa karibu mno, lenzi iliufanya mkubwa sana, unajaza sehemu ya chini ya picha. Kila mstari wa kiganja unausoma. Mke wangu alitazama, kisha akasema polepole, "Huyu hakutaka ubaya na mtu." Ndiye aliyeondoa mablanketi dirishani.

Sikumtafuta Furaha. Nilikuwa nimeambiwa atakuja, na mtu aliyeijua lenzi iliyo mfukoni mwangu sikuona sababu ya kumbishia. Mzee Damasi alisema tu kwamba binti alichukuliwa na jamaa zake baada ya msiba, hajui wapi. Nikaiweka picha kwenye bahasha, nikaendelea na kazi.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaanza. Siku moja, asubuhi yenye wateja wengi, akaingia dada mmoja anayeuza vitambaa, anavuka kila siku kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Alitaka picha ndogo za kitambulisho. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia anyanyue kidevu, na kabla sijabonyeza nikajikuta nauliza jina lake, jambo ambalo huwa siulizi mpaka mwisho.

"Furaha."

Kina Furaha ni wengi, unajua. Nikauliza mama yake alikuwa analima wapi. Akanikazia macho. "Bugarama. Mu mpunga. Kwa nini, papa?"

Niliwaomba wateja wengine watoke kidogo. Nikafunga mlango. Nilimwambia nina picha ambayo nadhani ni ya mama yake, lakini sitamweleza nimeipataje mpaka aitazame, na kama hataki, asitazame. Aliniambia haiwezekani. Mama yake hakuwa na picha. Ile moja waliyokuwa nayo ilipotea njiani walipotoka Kongo. Alisema amefika mahali hata akifumba macho sura haiji tena, inakuja sauti tu, na anaogopa siku sauti nayo itakapokwenda. Alisema hayo bila kulia, kama mtu anayeeleza ugonjwa aliouzoea.

Nikaitoa.

Hakutazama uso kwanza. Alitazama mkono. Akaweka kidole chake juu ya dole gumba la picha, mahali ambapo palikuwa na kovu refu lililopinda, ambalo mimi nilikuwa nimelidhania ni mkunjo wa ngozi.

"Mundu ilimukataka hapa," akasema. "Mi nilikuwa mugongoni."

Ndipo alipopanda polepole na macho yake, kiganja, kifundo, bega, mpaka akaufikia uso. Akakaa hapo. Nje wateja walikuwa wanagonga, nami sikufungua.

Nilihisi ni lazima niseme kitu, na unajua sisi mafundi tunavyokuwa, nikaanza kumweleza habari za lenzi. Nikamwambia asishangae mkono kuwa mkubwa namna hiyo, ni lenzi inayoona upana, kitu kilicho karibu inakikuza kupita kiasi, si ukubwa wake wa kweli.

Furaha akatikisa kichwa.

"Hapana, papa," akasema. "Mukono yake ilikuwaka kubwa vile."

Nikaacha habari za lenzi.

Kisha nikamsimulia yote, kama ninavyokusimulia wewe. Hakuniuliza kama nasema kweli. Aliuliza tu kama mama alionekana amechoka. Nikamwambia hapana, hakuwa hata na jasho. Hapo ndipo alipolia.

Mwaka huu wakulima wamelijenga upya tuta lile kwa mawe, na siku ya kumaliza walimwita Furaha aje aweke jiwe. Picha ya mama yake iko ukutani kwake, kubwa, na Mzee Damasi alipoiona alisimama mbele yake kofia mkononi, akaomba msamaha kwa sauti tuliyoisikia sote. Furaha sasa ni ndugu yetu. Aline anamwita shangazi.

Na mimi? Mimi sikubaki nilivyokuwa. Kijiti cha lenzi yangu ndogo, nilichokuwa nimekiweka katikati siku ile, nilikikuta nyumbani kimehamia mwisho wa karibu kabisa, na hakigeuki. Fundi aliyezoea kunitengenezea vitu, Mwislamu mmoja wa Kamembe mwenye mikono ya taratibu, alikaa nayo juma zima. Akanirudishia akisema hakuna kilichovunjika ndani, hakuna kutu, hakuna vumbi, ila haigeuki, na hataki kuilazimisha. Nimeiacha hivyo. Sasa nikitaka kumpiga mtu nayo lazima nimfikie, nisimame mbele yake ambapo naweza kumsikia akipumua, nimsalimie, nimuulize habari za nyumbani. Picha zangu zimekuwa nzuri kuliko zilivyowahi kuwa, watu wananisifu, na mimi najua sifa si yangu. Lakini karibu na maji yaliyojaa siwezi tena kusimama. Hata kwenye daraja la kuvukia Bukavu napita katikati kabisa, macho mbele.

Hutaniamini, basi. Hiyo ni hiari yako. Ila kama siku moja utapita Bugarama wakati mvua imenyesha na mifereji imejaa, usisimame karibu na lile lango la zamani, hata kama mwanga ni mzuri namna gani. Na ukisikia sauti ya mama inakuambia usirudie nyuma, usisimame kuuliza ni nani wala anajuaje. Nenda anakokuita. Maswali utauliza ukishafika.